Sisi Huku Tu Wazima

Nimeandika barua za watu wengi kuliko nilizoandika zangu. Reli ilipokuwa mpya na Kisumu bado ni mji wa mabati na matope, nilikuwa karani wa ghala la mizigo kando ya ziwa. Kazi ikiisha, watu wa pwani walinijia na karatasi mkononi: wapagazi waliochoka kubeba, wapishi wa wazungu, askari, mabaharia waliohamia meli za ziwani. Kila mtu alikuwa na lake, ila barua zote zilianza njia moja. Jina la Mungu, salamu kwa wakubwa na wadogo, kisha: "Ama baada ya salamu, sisi huku tu wazima, hofu yetu ni juu yenu." Namkumbuka mpishi mmoja wa Mambrui aliyekaa mbele yangu kajifunika blanketi, homa inamtikisa hata meno yanagongana, akaniambia, "Andika, karani. Miye mzima." Nikaandika. Nilikuwa na hati nzuri, na maneno yale nilikuwa nimeyaandika mara nyingi hata mkono ulikwenda wenyewe.

Kwetu msafiri haandikiwi ugonjwa. Aliye mbali atafanya nini na ugonjwa wa nyumbani? Hawezi kumpa mgonjwa maji wala kumgeuza kitandani. Atakosa usingizi bure, na pengine ataondoka kwa pupa afie njiani. Huandikiwa mauti tu, na hata mauti huzungushwa: "Njoo, mama yako anakutaka." Ukipata barua ya namna hiyo wajua umekwisha kuwa yatima. Desturi hii niliikuta, na sikupata kugombana nayo mpaka iliponigeukia.

Mke wangu alikuwa Malindi. Barua zake zilinifikia kila miezi miwili mitatu, kwa mkono wa ami yake, mwalimu wa chuo cha Kurani, kwa sababu yeye hakujua kuandika. Walikuwa wazima siku zote. Nilizisoma, nikazikunja, nikazitia mkobani. Naweza kusema leo kwamba nilizipenda kwa sababu hiyo hasa. Barua iliyosema wao wazima ilikuwa ruhusa ya kukaa tena. Baba yangu alinitia chuoni nikahitimu, kisha akanipeleka Mombasa kwa wazungu wa misheni nikajifunze herufi zao na hesabu zao. Tangu nilipotoka pale miguu yangu haikutulia. Nilikwenda na safari za wapimaji, nikaenda na reli tangu kambi za chini mpaka mwisho wa chuma, nikavuka hadi Uganda. Mwanangu wa pekee, binti, aliolewa Pemba nami niko Kisumu. Nilimpa ami uwakili wa kumwozesha kwa barua, nikapeleka kitambaa, nikaona nimetimiza.

Siku niliyorudi sikuitwa na mtu. Nilikuwa nimegombana na bwana mkubwa wa ghala kwa sababu ya magunia yaliyolowa, nikajisemea basi, nitazame kwetu. Niliingia Malindi adhuhuri, upepo wa kusi ndio kwanza unaanza, na tangu kwenye kona ya mtaa nilisikia harufu ya udi. Nikastaajabu. Udi ni wa jioni, ni wa wageni, ni wa Ijumaa. Nani anafukiza saa saba za mchana siku ya Jumatatu? Ilikuwa nyumba yangu.

Mke wangu alinipokea mlangoni. "Umekuja mwenyewe au umeletwa?" akauliza. Ndiyo ilikuwa salamu yake ya miaka yote. Akanikumbatia kwa upande wa kulia tu, na mkono wa kushoto akaubana kifuani kama mtu aliyeficha kitu ndani ya kanga.

Alinificha siku tatu. Siku ya nne nilimkuta chumbani akibandua kitambaa, nikaona. Titi la kushoto lilikuwa na uvimbe kama limau, mgumu, na ngozi ya juu imevutwa ndani kama mdomo wa mfuko uliokazwa kamba. Pembeni palianza kulowa. Udi wote ule ulikuwa wa kuficha harufu ya pale.

"Ni nini hiki?"

"Jipu."

"Tangu lini?"

"Tangu mtama wa mwaka juzi. Lilikuwa kama punje. Nililihisi nikioga."

"Na hukunambia!"

"Nilimwambia ami aandike," akasema, akafunga kanga yake. "Alisema usiandikiwe."

Nilikwenda kwa ami vile vile nilivyokuwa, bila kofia. Alikuwa barazani kwake akichonga kalamu za wanafunzi.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu. Bibi hajambo?"

"Ami, wajua mwenyewe kama hajambo au sivyo. Alikwambia uniandikie, hukuandika."

"Alinambia. Nikamwambia, mwanangu, mumeo yu safarini."

"Ningekuja."

Akaweka kisu chini. "Ungekuja? Uliandikiwa arusi ya mwanao, hukuja. Ungekuja kwa jipu?" Kisha, kwa upole uliouma kuliko ukali, akaniuliza, "Weye huko bara umeandika barua ngapi?"

"Nyingi."

"Ngapi zilitaja ugonjwa?"

Hakunidharau. Aliingia ndani akatoka na sahani nyeupe, akanyunyiza maji ya waridi kwenye zafarani, akaandika kombe la mke wangu, aya za kuoshwa na kunywewa, mistari imezunguka sahani mpaka katikati. Alitumia kalamu ile ile. Nililibeba nyumbani kwa mikono miwili, mke wangu akaliosha akanywa. Alikunywa makombe saba. Tukabandika majani, tukabandika tui la nazi lililochemshwa na manjano, na fundi mmoja akaja akamchoma kwa chuma cha moto kuuzunguka uvimbe ili usitembee. Hakulia. Alinishika kidole gumba akakikaza mpaka fundi alipomaliza, na kidole kile kilivimba siku mbili. Uvimbe ulitembea vile vile.

Aliyeniambia jina la ugonjwa ni Mhindi wa dukani nilikokwenda kununua bafta, kitambaa chepesi cha kufungia kidonda. Nilinunua mara ya tatu katika wiki mbili, akashika mkasi bila kukata. "Nyumbani nani anaumwa?" akauliza. Nikasema mke wangu, ana jipu. "Jipu halili bafta namna hii," akasema. "Mama yangu alikwenda na ugonjwa huo huko kwetu. Ni saratani. Mpeleke Mombasa kwa daktari wa misheni, akate. Wewe wajua kusema na wazungu, wangoja nini?" Katika mji mzima huyo peke yake ndiye aliyenisemesha bila kuzunguka.

Ami alikataa, kisha akaniachia niamue. Mke wangu alikubali kwa sharti moja. "Kikikatwa kisitupwe," alisema. "Ni mwili wangu. Kizikwe."

Tulikwenda, mimi kwa mguu, yeye juu ya punda, siku nne. Nilijua njia ile kama kiganja changu, na nasema kwa haya kwamba asubuhi ya kwanza, tulipopita mashamba ya mwisho, moyo wangu ulikunjuka. Nilikuwa njiani tena. Dabaso tulilala kwa watu tusiowajua, wakatupa uji na samaki wa kukaanga, wakauliza mwenda wapi. "Kumzuru mtoto," mke wangu akajibu kabla sijafungua kinywa. Kilifi tulingoja mtumbwi wa kuvushia tangu asubuhi mpaka jua likawa utosini. Alikaa mchangani akitazama ng'ambo.

"Miaka yote nilijiuliza njia hii ina nini hata ikakupenda hivi," akasema. "Sasa nimeiona. Mchanga na mikoche."

"Ina mengine."

"Nionyeshe."

Nikatazama. Mchanga na mikoche. Punda akavutwa majini, akaogelea nyuma ya mtumbwi amefungwa kamba, kichwa juu, masikio yamelala, na mke wangu akacheka kwa mara ya kwanza tangu nirudi. "Nawe ndivyo watakavyokuvuta siku ya kiama," akasema.

Hospitalini kilichomtisha hakikuwa kisu, ila kufunua uso. Dawa ya usingizi huvutwa kwa pua, na daktari alitaka uso wazi. "Nimejifunika uso umri wangu wote," alininong'oneza, "na leo uso ndio wanaoutaka." Bibi muuguzi, mzungu mnene mwenye Kiswahili cha Mombasa safi kabisa, alimfunika shuka nyeupe kila mahali ila uso na titi, akamwambia, "Haya, mama, mimi na daktari tumekwisha kusahau sura yako." Nilingoja nje ukutani. Walinipa kitu kile kimefungwa kitambaa ndani ya debe dogo la biskuti. Nilitafuta mchimba kaburi wa makaburi ya karibu, nikamwambia nina kiungo cha mtu. Hakuuliza. Alichimba pembeni penye makaburi ya watoto, nikakitia, tukafukia. Mke wangu alipoamka, neno lake la kwanza lilikuwa, "Umekilaza upande gani?" Nikasema upande wa kibla, ingawa katika haraka yangu sikukumbuka kuangalia.

"Basi sehemu yangu moja imekwisha tangulia," akasema. "Nyingine zisije zikapotea njia."

Daktari alinieleza barazani. Alisema ameondoa alichoweza, na kwamba kwapani amekuta vijidonge. "Uvimbe umechukua muda mrefu," alisema. "Ulipokuwa mdogo ndipo mngekuja." Mke wangu alikuwa nyuma ya pazia, akasikia, akajibu kutoka huko huko kwa sauti ndogo, "Bwana alikuwa safarini." Alisema kama anayenitetea.

Mkobani mwangu nilikuwa na barua zile tano za mwaka juzi na mwaka jana. Nilizisoma zote nimekaa ngazi za hospitali. Sisi huku tu wazima. Sisi huku tu wazima. Hati ya ami ilikuwa nzuri kuliko yangu.

Jeraha lilipona. Miezi minne alikuwa mwanamke mzima, akaenda arusini, akasuka mkeka, akanituma sokoni na kunigombeza kwa nazi mbovu. Watu wakasema wazungu wana dawa. Kisha mkono wa kushoto ukaanza kuvimba tangu begani hata vidoleni, bangili ikabidi ikatwe, na juu ya kovu vikatoka vijipele vigumu vyekundu ambavyo kila kimoja kilipasuka kikawa kidonda. Nilimwandikia daktari. Alijibu kwamba kukata tena hakutafaa, akatuletea dawa ya unga ya kuoshea iliyogeuza maji kuwa rangi ya zambarau, na chupa ya dawa ya maumivu ya kutiwa matone kwenye maji.

Hapo ndipo nilipojifunza kazi ya nyumba. Wajakazi wa zamani wa nyumba ya baba yake walikuwa wamekwisha kwenda zao tangu serikali ilipowapa uhuru, na ndugu wa kike hakuwa naye. Asubuhi nilichemsha maji, nikayapooza, nikatia unga mpaka yawe kama juisi ya zambarau. Kitambaa cha jana hakibanduliwi kikavu. Kinaloweshwa, kinangojwa, kinaloweshwa tena, huku unasema maneno ya upuuzi ili mgonjwa asihesabu. Nilimsimulia habari za bara. Faru aliyeingia kambini akaondoka na hema. Mzungu aliyekuwa akiosha miguu katika chungu cha mchuzi wetu. Alizisikia zote mara tatu tatu. Kisha bafta chafu ilikwenda sufuriani na chumvi, ikachemka, nikaianika uani nyuma ya ukuta wa makuti ili wapita njia wasiione. Kisha nikapika. Wanaume wa baraza la mtaani walinipigia kelele, "Karani, tutakununulia kaniki ujifunge!" Mmoja akaongeza, "Mwacheni, anasomea ukungwi." Nilijibu kwamba wake zao hupika vibaya kuliko mimi, na lilikuwa kweli.

Jirani wa kike, shoga yake mke wangu, alichungulia siku moja juu ya ukuta akaona sufuria inavyofoka. "Leo wapika nini, bwana karani? Supu ya bafta?"

Sauti ikatoka ndani kitandani: "Njoo uonje, shoga! Chumvi imekolea!"

Wakacheka wote wawili, mmoja ndani na mmoja ukutani, mpaka yule wa ukutani akaanza kulia akateremka.

Lakini sikugeuka malaika. Mzungu mmoja mpimaji alipita Malindi akitafuta karani wa kwenda naye Tana, miezi sita, na nilijikuta uani nikipaka mafuta viatu vyangu vya safari. Mke wangu alinitazama dirishani. "Viatu vimekungoja sana," akasema. "Nenda." Sikwenda Tana. Kesho yake nilikwenda Mambrui kununua asali, nikarudi magharibi, na hakuna asali ya Mambrui isiyopatikana Malindi. Alinikuta nimesimama mlangoni na chupa mkononi. "Nimekuwa mkeo miaka ishirini," akasema, "na hii ndiyo mara ya kwanza nimekuona mvua mbili mfululizo. Ningalijua dawa yako ni hii ningaliugua zamani."

Yeye alikuwa na haja moja tu, na aliificha kama alivyolificha titi. Alitaka kumwona mwanawe. Binti yetu kule Pemba alikuwa na mimba ya kwanza, na mwenye mimba ya kwanza naye haandikiwi ugonjwa. Kwa hiyo mke wangu alilala kitandani akanitajia maneno, nami nikaandika. "Andika: sisi huku tu wazima." Mara ya kwanza niliweka kalamu chini.

"Nimwandikie mwanangu hayo? Mimi?"

"Weye. Akishtuka mimba ikatoka, utaiandikia nini?"

Niliandika. Nikaandika na ya pili. Ya tatu alikuwa hawezi kukaa, akaisema kwa vipande, akipumzika katikati ya salamu. Binti yetu hakuwa akizisoma mwenyewe. Alihitimu msahafu vizuri, lakini mwandiko wa barua, herufi za Kiarabu zisizo na irabu, ulimshinda, na baba mkwe wake ndiye aliyemsomea. Kisumu nilimfundisha kusoma na kuandika mpishi wa stesheni, jioni zote za mwaka mmoja, kwa sababu sikuwa na la kufanya. Binti yangu sikumfundisha hata herufi tatu. Nilikuwa safarini.

Kusi ikaanza tena. Siku moja ya mchana, nikimfunga kitambaa, akauliza bila kunitazama, "Kusi imeshika?"

"Imeshika."

"Basi vyombo vya Pemba vyaja."

"Vyaja."

Tangu siku hiyo aliomba kitanda kisogezwe karibu na mlango wa mbele, na kila zilipopita sauti za wageni kutoka bandarini alinyamaza ili asikie.

Nikaandika barua ya nne bila kumwambia. Nilikaa chuoni kwa ami, wanafunzi wamekwisha toka, ami amekaa upande wa pili akijua ninachofanya. Nilianza kwa jina la Mungu na salamu, na nilipofika mahali pale mkono ulitaka kwenda wenyewe. Nikauzuia. Niliandika: "Mwanangu, mama yako ni mgonjwa mwaka wa tatu sasa, ugonjwa usio na dawa. Barua tatu nilizokuandikia zilikuwa uongo, niwie radhi. Kama waweza kusafiri, njoo upesi." Ami aliisoma, akairudisha. "Hati imeharibika hapa," akasema. Ilipotoka na meli kwenda Mombasa, nilihesabu siku za kwenda Unguja, za kuvuka Pemba, za kurudi.

Jibu lilikuja baada ya wiki tano, kwa mkono wa baba mkwe wake. Bahasha moja, karatasi mbili. Kubwa ilisema: "Barua yenu imewasili, tumefurahi mno kusikia nyote wazima na bibi mkubwa hajambo. Mwanenu yu katika hali njema, miezi yake inakaribia, akusalimuni sana." Ndogo ilikunjwa mara nne, imeandikwa Kwa baba mtu. "Tumesoma, tumefahamu, Mungu amponye. Tumemsomea inavyompasa mwenye mimba. Nawe ni mzazi, utatuwia radhi."

Niliisoma ndogo nimesimama uani karibu na sufuria, nikaitia motoni. Sikumchukia. Mtu yule hajapata kuniona, akamlinda mwanangu kwa namna ambayo mimi ningemlinda wake. Kubwa nikaingia nayo ndani nikamsomea mke wangu. Alisikiliza mpaka mwisho, akaomba nirudie pale pa miezi.

"Unaona?" akasema. "Hana wasiwasi wowote." Akageukia ukuta.

Nilifikiri kwenda Pemba mwenyewe nimlete. Siku kumi za kwenda, kumi za kurudi, pepo zikikubali. Na kitambaa cha asubuhi angefunga nani? Nimetembea maisha yangu yote kwa safari zisizokuwa na haja, na ile moja iliyokuwa na haja ndiyo sikuweza kuifunga.

Alikufa asubuhi, katikati ya kazi. Nilikuwa nimelowesha kitambaa nangoja kilainike, nasimulia habari ya yule faru, nikaona hangoji tena mwisho wake. Siku mbili kabla alikuwa amenishika kidole kile kile, akasema, "Asiandikiwe mpaka atoke arubaini." Nikangoja. Zilipokuja habari kwamba amezaa mtoto wa kike, nikahesabu siku arubaini, ndipo nikaandika barua ya tano: "Njoo, mama yako anakutaka."

Aliteremka chomboni analia, mtoto mgongoni, mumewe nyuma amebeba kanga mbili mpya na kifurushi cha karafuu, zawadi alizokuwa amemwekea mama. Alikaa kwetu siku kumi na mbili. Kijana yule, mumewe, alikuwa mtu mwema, mpole, akichota maji bila kuambiwa. Wanawake wa mtaa waliingia na kutoka. Yule shoga alikaa na binti yangu uani siku nzima akimweleza, kwa mapenzi kabisa, kila kitu: debe la biskuti, mkono uliovimba, bafta.

Siku moja kabla ya kuondoka binti yangu alikuja barazani na kisanduku chake. Mtoto alikuwa amelala mapajani mwake. Alitoa barua nne zilizofungwa uzi.

"Baba, mama aliugua miaka miwili na zaidi."

"Ndiyo, mwanangu."

"Nami nikaletewa hizi." Akachomoa ya juu, ya mwisho, akanipa. "Hii ilikuja kusi imeshika. Mama alikuwa amelala hapo mlangoni akisikiliza watu wa bandarini, nimeambiwa. Nisomee. Nataka nisikie kwa kinywa chako ulisema nini."

Niliifungua. Hati iliharibika pale pale nilipouzuia mkono. Mwanangu, mama yako ni mgonjwa mwaka wa tatu sasa. Mumewe alikuwa hatua kumi kutoka tulipokaa, anakaza kamba ya mzigo. Alhamisi wangekuwa chomboni, na mwisho wa safari ile ni nyumba ya mtu aliyemsomea uongo, sahani moja na yeye, miaka yote iliyobaki, hana mama wa kumkimbilia. Nikamtazama mtoto.

"Ama baada ya salamu," nikasoma, "sisi huku tu wazima, hofu yetu ni juu yenu."

Alingoja kama kuna zaidi. Nikaongeza salamu za jirani na habari ya mvua, macho yangu yako juu ya maneno mengine kabisa. Nikaikunja.

"Hata hapo, wazima," akasema.

Akaichukua akaifunga na zile nyingine kwa uzi ule ule. "Mama alinisimulia zamani jinsi ulivyokuwa ukiletewa barua za uzima, ukakaa huko huko. Nilidhani mtu aliyetendwa hivyo hatamtenda mwenzake." Hakupaza sauti. Alikuwa na sauti ya mama yake ya pale mlangoni.

Siku ya kuondoka mumewe alinibusu mkono. Binti yangu alinipa mtoto nimwombee dua, akampokea, akapanda. Nilisimama mpaka chombo kikageuka, na yeye amekaa uso mbele.

Nyumba ile nilimwachia ami, naye amekwisha kufa. Miaka ya vita nilikuwa na wapagazi huko mpakani, nikiwaandikia barua zao; sitasimulia niliandika nini. Sasa niko Vitengeni, natunza ghala la mahindi la mtu wa Malindi, na watu wa hapa wananijua kama mzee wa pwani anayependa kusimama njiani. Barua ya Pemba hunifikia mara moja kwa mwaka, hati ya mkwe wangu kijana, kwa kuwa baba yake naye ametangulia. Wao huko ni wazima. Ya mwaka huu ilikuwa na mstari mmoja mpya, kwamba mjukuu wangu wa kike ametiwa chuoni, naye ana akili nyepesi, na baba yake ameanza kumfundisha na mwandiko wa barua.

Kisanduku kile, na barua nne ndani yake, kiko kwa mama yake. Nilijibu kwamba nimefurahi. Nikapeleka kalamu mbili za matete, nimezichonga mwenyewe, na chupa ya wino.